Afya Kabla ya Safari ya Malawi

Wengi wetu huenda Malawi kwa biashara, misiba au kuwatembelea jamaa. Tutayarishe afya mapema kama tutayarishavyo nauli.

Kwanza, Malawi hudai cheti cha homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo. Mchanjwe angalau siku 10 kabla. Zikiwa pungufu ya hapo cheti hakitambuliwi. Tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Pili, malaria ipo mwaka mzima. Aliyekulia nyanda za baridi hana kinga ya kutosha; mjamzito na mtoto mchanga wamo hatarini zaidi. Chukueni chandarua chenye dawa, na mwulizeni mganga juu ya vidonge vya kinga.

Tatu, Ziwa Nyasa, ambalo wenyeji huliita Ziwa Malawi, lina kichocho, hata kule Cape Maclear. Aliyeoga humo apimwe baada ya miezi 3, hata akijiona mzima. Kichocho kinatibika.

Nne, mwenye kisukari, shinikizo la damu au anayetumia dawa za UKIMWI abebe dawa za kutosha mkobani, si kwenye buti la basi.

Mkirudi, msipuuze homa yoyote: pimeni damu siku hiyo hiyo, na mwelezeni mganga mlikotoka.