Picha ya jani lenye ugonjwa: muitume namna gani?

Wandugu wakulima, tangu munatutumia picha za majani kwa simu, kazi imekuwa nyepesi kidogo. Kutoka Baraka kupanda mpaka Minembwe si njia ya kila juma. Lakini kuna picha zinafika na hazifunguki, na zingine zinafunguka lakini hazitusaidii.

Zisizofunguka mara nyingi zinatoka kwenye iPhone. Tangu 2017 simu hizo zinatunza picha katika muundo unaoitwa HEIC. Unakula nafasi ndogo, ila kompyuta nyingi za zamani haziujui. Wengine wanafuta .heic nyuma ya jina la picha, wanaandika .jpg. Ukiandika “maharagi” juu ya gunia la mahindi, ndani bado ni mahindi. Afazali muingie kwenye “Réglages” ya simu, upande wa kamera, mufungue “Formats”, muchague ile yenye neno “compatible”. Toka hapo picha mpya zitakuwa JPEG, ambayo karibu kila mashini inaisoma.

Aina ya pili ndiyo inatusumbua sana. JPEG inapunguza uzito wa picha kwa kutupa vitu vidogo ambavyo jicho haliviangalii, zaidi tofauti ndogo za rangi. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa tena. Kwa picha ya arusi, hakuna neno. Kwa muhogo ni shida. Mozaiki inaonekana hata kwenye picha mbaya, sababu majani machanga yanajikunja. Lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia unajionyesha kwenye majani ya chini, yaliyokomaa, kwa manjano hafifu kandokando ya mishipa midogo, na jani halijikunji. Manjano hiyo ikipotea njiani, mutu anaona shamba ni zima, anakata miti, anagawia majirani mbegu. Virusi vinatembea pamoja nayo. Atajua siku ya kuvuna, akipasua muzizi na kukuta ndani kahawia, kavu.

Kuna wanaogeuza JPEG kuwa PNG wakifikiri itasafishika. Hapana. PNG inatunza vizuri kile inachopewa, lakini kilichokwisha kutupwa hakirudi. Inaongeza uzito tu, na mega zenu zinaisha.

Kwenye WhatsApp, muguse alama ya kuambatanisha, muchague “Document”, halafu mutafute picha yenyewe. Rezo ikiwa zaifu, picha mbili safi zinatosha: jani la chini kwa karibu, na muzizi uliopasuliwa. Kwa viazi vya Minembwe, mupige upande wa chini wa jani, asubuhi, pale ukungu mweupe wa mildiou unapoonekana.

Jambo lingine, la usalama. Kamera inaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na ukituma kama “Document” maandishi hayo yanasafiri nayo. Kama hutaki shamba lijulikane, uzime hiyo kwenye kamera kabla ya kupiga. Jina la kijiji mutatuambia kwa sauti.