Klebsiella haingoji majibu ya maabara

Kichanga akifikishwa wodini homa imempanda na hataki kunyonya, daktari hana muda wa kungoja. Anaandika ampisilini na jentamaisini, muuguzi anatafuta mshipa, dozi ya kwanza inaingia. Ndivyo inavyotakiwa. Ila hapo daktari anabahatisha, kwa kuwa mdudu mwenyewe bado hajajulikana.

Kati ya mwaka 2001 na 2002, watafiti katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, walifuatilia watoto 1,828 waliolazwa na dalili za maambukizi. Watoto 255 walithibitishwa kuwa na maambukizi kwenye damu, na zaidi ya theluthi yao walifariki. Kwa wale waliokutwa na bakteria wa kundi la gramu-hasi, kama Klebsiella na E. coli, vifo vilifika asilimia 43.5. Vya malaria, ugonjwa tuliokua tukiuogopa kuliko yote, vilikuwa asilimia 20.2. Miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari ya kifo ni kupewa dawa ambayo mdudu alikwishakuwa sugu kwake.

Klebsiella hukaa tumboni mwa watu wengi wazima bila kuwasumbua. Hospitalini husafiri kwa mikono ya wahudumu, kwenye kanula na mipira ya mkojo. Aina sugu hutengeneza kimeng'enya kinachovunja kiini cha penisilini na seftriaksoni kabla dawa haijafanya kazi. Maelekezo ya kukitengeneza hukaa kwenye plasmidi, kiduara cha DNA ambacho bakteria humpa mwenzake, hata wa jamii nyingine, kama wanafunzi wanavyopenyezeana majibu ya mtihani. Plasmidi moja yaweza kubeba usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja, jentamaisini ikiwemo.

Maabara humuumbua mdudu huyu kwa kazi ya mikono tu. Damu huoteshwa kwenye chupa. Bakteria wakiota, hupakwa kwenye sahani ya agari, kisha juu yake hupangwa vikaratasi vya mviringo vyenye dawa tofauti. Kesho yake, dawa inayofaa imezungukwa na duara safi. Iliyoshindwa, bakteria wameota mpaka ukingoni mwa kikaratasi. Yote hayo huchukua siku mbili, tatu, au zaidi.

Kampeni zetu dhidi ya usugu wa dawa hupenda kumsema mgonjwa asiyemaliza dozi na muuza duka la dawa. Sawa, wamo. Lakini kichanga aliyeambukizwa wodini hajawahi kununua kidonge! Yeye anahitaji bomba lenye maji karibu na kitanda chake, na maabara isiyoishiwa chupa za kuoteshea damu. Majibu yasipokuja, daktari hupanda ngazi: seftriaksoni, kisha meropenemu. Na huko juu nako Klebsiella ameshafika. Mwaka 2011 iliripotiwa kutoka Kenya aina yenye NDM-1, kimeng'enya kinachovunja hata meropenemu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, mara nyingi hubaki kolistini, dawa ya zamani iliyokuwa imewekwa kando kwa sababu huumiza figo.