Sikio Hulelewa Nyumbani

Hakuna mwanadamu aliyekaa kitako, kwa akili yake timamu na kwa hiari yake mwenyewe, akauchagua wimbo wa kwanza atakaoupenda duniani. Kabla hajalijua hata jina lake, amekwisha isikia sauti ya mama akimbembeleza, mchi ukitwanga kinuni, na jamaa wakiitikiana wimbo huku wakipukuchua mahindi kando ya moto, na katika sauti hizo sikio lake limekwisha fundishwa lipi ni tamu na lipi ni karaha. Wahenga walisema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nao aghalabu walikuwa wakiikusudia tabia na adabu. Lakini mtu atakayezichunguza kwa insafu nyumba za Mbeya na Iringa ataona kuwa neno hilo ni kweli vilevile katika ladha ya muziki, na kuwa, kinyume cha dhana iliyoenea, wimbo haupendwi kwa sababu umo katika damu ya kabila, bali hupendwa kwa ajili ya kinywa kilichotuimbia kwanza.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelithibitisha jambo hili kwa majaribio. Mwaka 2005 Erin Hannon na Sandra Trehub waliwasikilizisha watoto wachanga muziki wa Balkani, ambao mapigo yake hayaendi sawa kama yale waliyoyazoea watu wa Amerika ya Kaskazini. Watoto wa miezi sita waliyatambua makosa ya mapigo katika muziki huo mgeni kama walivyoyatambua katika muziki wa kwao. Wale wa miezi kumi na miwili walikuwa wamekwisha elemea upande wa muziki wa nyumbani, ila walipochezewa ule mgeni kwa majuma mawili tu sikio lao lilifunguka tena, ilhali watu wazima waliofanyiwa vivyo hivyo hawakufanikiwa kama wao. Ni dhahiri, basi, kwamba mtoto huzaliwa na sikio lililo wazi kwa walimwengu wote, na kwamba ni malezi yanayolielekeza upande mmoja, tena katika mwaka wa kwanza wa maisha yake.

Historia ya Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, zenye Mbeya na Iringa, inatupa ushahidi ulio mkubwa kuliko majaribio hayo. Mwaka 1891 Wamoraviani walifungua misheni yao Rungwe, na mwaka huohuo Walutheri wa Berlin nao wakaingia nchi ya Wanyakyusa, kisha wakaenea Ukinga, Ubena na Uhehe, wakiwa na vitabu vya nyimbo ambazo mahadhi yake yalitungwa Ujerumani karne nyingi nyuma. Kwa masikio ya wazee wa siku zile mahadhi hayo yalikuwa mageni kabisa, wala hayakufuata mwendo wa ngoma wala wa maombolezo yao. Lakini wale walioyapokea waliyachukua hadi nyumbani, wakayaimba kwa lugha zao asubuhi na jioni, wakawabembelezea watoto, wakawazikia wazazi wao. Na leo, baada ya vizazi vinne au vitano, mjukuu wa Tukuyu au wa Kidugala anapoyasikia yakiimbwa kwa sauti nne, au yakipigwa kwa tarumbeta za kanisa katika mazishi, hakumbuki Ujerumani hata kidogo: humkumbuka bibi yake. Mahadhi yaliyoingia nchini kwa mgeni yamekuwa mali ya ukoo, na hakuna awezaye kumwambia mjukuu huyo kuwa si yake.

Nao baadhi ya wamisionari walilitambua jambo hili. Franz Ferdinand Rietzsch, Mmoraviani aliyefanya kazi katika nyanda hizi katika miaka ya 1930, alijifunza lahani za Wanyiha na kutengeneza nyimbo za ibada kwa kuzifuata, maana aliona kuwa sikio lililokwisha lelewa na mama halianzi upya kwa sababu tu mwenye nalo amebatizwa.

Sasa na tuutazame upande wa pili wa hoja. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa wenyeji, akafika Uhehe, ambako palikuwa na ligombo, ala ya nyuzi iliyochongwa katika ubao uliokombwa, ambayo mpigaji huipiga huku akighani. Ikiwa kuna muziki ambao kwa nasaba ni wa Iringa, ni huo; na ikiwa ladha ingekuwa ya damu, kijana yeyote wa Kihehe angeisikia mara moja na moyo wake ukaitika. Lakini nyumba ambamo mtoto husinzia kwa sauti ya ligombo ni haba mno siku hizi, na kijana aliyezaliwa pasipokuwa nayo huisikiliza kwa heshima tu, kama aonavyo mtu kaburi la jamaa asiyewahi kumjua.

Kati ya hayo mawili umo muziki uliorudi na wasafiri. Wanaume wa Rungwe walikwenda katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini, na Wabena na Wakinga wakaenda mashamba ya mkonge. Waliorudi walirudi na magitaa na santuri, na mzee aliyekuwa na gramafoni aligeuka mwalimu wa muziki wa mtaa mzima bila ya kukusudia. Baadaye redio ikaingia sebuleni, na sauti kutoka Dar es Salaam zikawa sehemu ya chakula cha jioni. Katika miaka ya 1980 mji wa Iringa wenyewe ulikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyokuwa na waimbaji mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Na watoto waliosikia nyimbo zake kupitia redio ya baba ndio watu wazima wa leo wanaosema kuwa muziki wa zamani ulikuwa na maana.

Mtu aweza kuuliza: je, si marafiki wanaotufundisha muziki zaidi ya wazazi? Jibu lake limo katika desturi ya zamani ya Wanyakyusa, aliyoieleza Monica Wilson katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi hivi aliondoka nyumbani kwa baba yake, akajenga kibanda na wenzi wa rika lake, na kijiji chao kikakua pamoja nao. Huko ndiko walikozungumza na kulala, mbali na masikio ya wakubwa. Lakini waliendelea kulima shamba la baba, na chakula walikula kwa kundi, wakipita leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Mpango huo unaonyesha hali ya kila kijana wa dunia: rika humpa nyimbo mpya, humtia ari ya kushindana na kujitenga na wazee, lakini hulikuta sikio lililokwisha lishwa nyumbani. Mwaka 2013 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na Justin Zupnick waliwauliza vijana wa miaka takriban ishirini juu ya nyimbo za miongo mingi, wakaona kuwa, pamoja na zile za ujana wao, ziliwagusa pia zile zilizotamba wazazi wao walipokuwa vijana, na hata nyingine za zama za mababu.

Kwa sababu hiyo sioni haja ya kuilaani Bongo Fleva kuwa inaua muziki wetu. Rayvanny, mwimbaji wa muziki huo aliyezaliwa Mbeya mwaka 1993, na wenzi wake wa rika hilo waliimba muziki ambao wazee wengi waliukataa. Lakini wasichana walioupenda sasa ni akina mama, huuimba wakipika, na watoto walio mgongoni mwao watakuja kuulilia siku moja kama wengine wanavyozililia nyimbo za kanisa. Hatari haimo katika muziki mpya. Hatari imo katika kunyamaza kwa wazazi, pale simu inapoachiwa kazi ya kumwimbia mtoto, na wimbo ukamfikia bila ya kinywa cha mtu ampendaye.

Basi atakaye kuuhifadhi urithi wa muziki wa nyanda hizi asingoje makumbusho wala tamasha. Amwimbie mwanawe kwa Kihehe, kwa Kibena, kwa Kisafwa au kwa Kinyakyusa, ijapokuwa sauti yake si nzuri. Ampeleke kwa babu ajuaye kughani, naye akae hapo asikilize pamoja naye. Wala asimkataze za rika lake, kwani nazo ni haki yake. Kuchagua kwa mtoto kutakuja baadaye, na atachagua apendavyo. Wajibu wa mzazi ni kuhakikisha kuwa, siku ya kuchagua itakapofika, nyimbo za kwao ni miongoni mwa zile anazozijua.