Karakana nyumbani: uanzie wapi kabla ya kununua mashine

Kila msimu wa kulima swali hili hurudi. Jembe la ng'ombe limekatika mkono, mvua imeshanyesha, na fundi yuko Mugumu. Unapakia jembe kwenye bodaboda, unalipa nauli kwenda na kurudi, unasubiri zamu yako, na jirani anamaliza kupanda. Ndipo kijana wa nyumbani anasema: baba, kwa nini tusiwe na karakana yetu hapahapa?

Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba wengi huanza na mashine ya kuchomelea. Sisi tunashauri uanze na mahali.

Wachache wetu Nyambureti tuna chumba cha kulaza gari. Tulicho nacho ni banda, stoo ya mahindi au kibaraza nyuma ya nyumba. Vyote vinafaa, ila paa la nyasi halifai kabisa kwa kazi ya moto. Cheche za grenda huruka mita kadhaa, huingia kwenye nyasi au magunia na kuvuta polepole, na moto huonekana mkiwa mmeshalala. Bati ni salama zaidi. Petroli ya pikipiki isikae humo: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini ya sakafu na kufuata cheche ilipo. Jenereta nayo ikae nje kabisa, maana moshi wake huua mtu ndani ya chumba bila yeye kusikia harufu ya hatari.

Baada ya mahali, meza. Fundi asiye na meza imara hufanya kazi amechuchumaa, na mgongo humlipiza uzeeni. Simama wima, mikono ikining'inia. Uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono wako. Kama sakafu ni udongo, chimbia miguu ya meza ili isitikisike. Juu yake funga jiliwa, mdomo wake ufike usawa wa kiwiko. Kwa maoni yetu, jiliwa moja zuri, nyundo, msumeno wa chuma, tupa, koleo na seti ya spana vitakuingizia pesa mapema kuliko mashine yoyote ya mkopo. Kunyoosha bomba la baiskeli, kubadilisha mnyororo wa pikipiki, kutia mpini wa jembe: hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji umeme.

Sasa umeme. Hapa ndipo nyumba huungua. Soketi ya kawaida ya ampea 13 huhimili takriban wati 3,000. Mashine ndogo ya kuchomelea ikifanya kazi nzito huweza kuvuta zaidi ya hapo, na zile za kienyeji zilizosukwa mitaani huvuta hata zaidi. Ndiyo maana taa za majirani hufifia mkianza kazi. Soma kibao kilicho nyuma ya mashine kabla ya kulipa. Kisha mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akuvutie waya wake wa peke yake kutoka kwenye kikata umeme, na akague waya wa ardhini. Waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye koili ukunjue wote, kwa kuwa ukiwa umekunjwa hupata joto hadi plastiki iyeyuke. Na hesabu LUKU: mashine inayovuta kilowati 4, ikichomelea saa nzima mfululizo, inakula uniti 4. Bei ya kazi yako iwe imebeba uniti hizo.

Kuhusu grenda tutasema kwa ukali kidogo. Tumezoea kuona fundi ameondoa kinga ili afunge diski kubwa. Grenda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Diski yake ya milimita 115 imetengenezwa kuhimili hadi mizunguko 13,300, lakini ya milimita 230 mwisho wake ni kama 6,650. Ukiifunga kwenye grenda ndogo itapasuka, na vipande vyake huja usoni.

Mwanga wa kuchomelea nao huunguza macho ya anayetazama, hata mtoto aliyesimama mlangoni. Maumivu huanza saa kadhaa baadaye, kama mchanga machoni. Wapo wanaotia maziwa. Usitie kitu, nenda zahanati. Pazia la turubai mlangoni ni bei rahisi kuliko safari hiyo.

Ukiwa tayari kukua, ofisi ya SIDO mkoani Mara ndiyo pa kuulizia mafunzo na mashine. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hiki chako. Aliyejifunzia kazi kwa fundi bila kwenda chuo anaweza kupimwa na VETA na kupewa cheti cha ujuzi alionao. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii hutolewa hasa kwa vikundi, kwa hiyo muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla hujajaza fomu peke yako.