Usalama wa samaki katika vyombo vidogo vya uvuvi Dar es Salaam

Usalama wa samaki katika vyombo vidogo vya uvuvi ni jumla ya kanuni na mazoea yanayohusu namna samaki anavyotunzwa tangu anapokufa hadi anapofikishwa pwani. Makala hii inahusu hasa pwani ya Dar es Salaam: ngalawa, mitumbwi, mashua na boti za faiba zinazotoka Msasani, Kawe, Kunduchi, Ununio na Mbweni upande wa Kinondoni, pamoja na zile za Mjimwema na Kimbiji, ambazo zilikuwa ndani ya Temeke kabla ya Kigamboni kuwa wilaya ya peke yake. Samaki wao huuzwa madikoni hapohapo au hupelekwa soko la Feri, Kivukoni.

Vyombo hivi havina mashine ya kugandisha. Kazi zinazofanyika ndani yake ni chache: kumuua samaki, kumtoa damu na matumbo, kumwosha na kumtia barafu. Hata hivyo saa hizo za kwanza ndizo zenye uzito mkubwa, kwa sababu baadhi ya madhara yanayoanza hapo hayaondoki kwa kupika, kukaanga wala kukausha.

Joto na sumu ya histamini

Maji ya bahari karibu na Dar es Salaam huwa na joto la takriban nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Samaki akifa katika joto hilo, bakteria waliokuwa kwenye matamvua (mashavu), ngozi na matumbo yake huanza kuongezeka mara moja. Kwa samaki wengi matokeo ni kuoza kwa kawaida, jambo linaloonekana kwa macho na kusikika kwa pua.

Wako samaki ambao hatari yao ni ya namna nyingine. Jodari, sehewa, vibua, fulusi na jamaa zao wana asidi amino nyingi iitwayo histidini katika nyama. Bakteria huigeuza kuwa histamini. Mtu akiila kwa wingi hupata dalili ndani ya dakika chache hadi saa chache: uso kuwaka, kuwashwa na kutoka vipele, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, kutapika au kuharisha. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, na kwa kweli tiba yake ni dawa zilezile za mzio, lakini kosa halimo katika mwili wa mlaji. Limo katika samaki aliyekaa juani.

Histamini haiharibiwi na moto wa jikoni. Tena haina harufu, kwa hiyo jodari anaweza kuonekana mzuri, akanunuliwa kwa bei nzuri, akakaangwa vizuri na bado akadhuru. Baadhi ya walaji husema walihisi ladha ya pilipili ulimini, ila si wote. Tume ya Codex Alimentarius, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa, imeweka kikomo cha usalama cha miligramu 200 za histamini kwa kila kilo ya samaki.

Kuhesabu saa

Muda huanza kuhesabiwa samaki anapokufa, wala si anapopakiwa chomboni. Jambo hili husahaulika kirahisi. Samaki wa mshipi na wa dema kwa kawaida huletwa juu akiwa hai, hivyo mvuvi anajua saa yake. Jarife hutegwa jioni na kutolewa alfajiri: jodari aliyenasa mapema usiku amekuwa maiti ndani ya maji ya uvuguvugu kwa saa nyingi kabla ya mtu yeyote kumgusa. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) unasema kwamba samaki wa aina hizi, wakiwa katika hewa au maji yanayozidi nyuzi 28.3, watiwe kwenye barafu mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 6 baada ya kufa. Kwa jarife la usiku kucha, saa hizo zinaweza kuwa zimekwisha hata kabla ya safari ya kurudi. Kukagua wavu mara kwa mara kunasaidia kuliko barafu nyingi inayotiwa kwa kuchelewa.

Barafu

Kipimo kinachopendekezwa katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Wavuvi wengine huona ni kingi mno. Hesabu yenyewe ni hii: kumpoza samaki wa kilo 10 kutoka nyuzi 30 hadi sifuri huhitaji barafu kidogo zaidi ya kilo 3. Sehemu inayobaki hutumika kupambana na jua, upepo na joto linalopenya kwenye kuta za chombo. Kwa hiyo deli au sanduku lenye kuta nene na kifuniko kinachobana hupunguza kiasi cha barafu, na ndoo iliyo wazi hukiongeza.

Barafu iliyopondwa hupoza haraka kuliko bonge, kwa kuwa inagusa samaki pande zote. Hutandikwa chini, kisha samaki, kisha barafu tena hadi juu, na maji yanayoyeyuka yaachiwe njia ya kutoka. Mchanganyiko wa barafu na maji safi ya bahari hupoza kwa haraka zaidi na hufaa samaki wadogo. Barafu yenyewe lazima itokane na maji ya kunywa. Pasipo barafu kabisa, kivuli na gunia lililoloweshwa hupunguza joto kidogo, lakini hiyo ni njia ya kuokoa saa moja mbili tu, wala haitoshi kwa jodari.

Matumbo, maji na ngama

Samaki mkubwa akitolewa damu, matamvua na matumbo mapema hudumu zaidi. Kazi hiyo ikifanywa ovyo hudhuru kuliko kutofanywa: utumbo ukipasuka, bakteria wake husambaa kwenye nyama. Kwa vibua na dagaa kutoa matumbo ndani ya ngalawa hakuna maana. Wao wapozwe wazima au wawahishwe pwani.

Maji ya kuoshea huchotwa nje baharini. Mto Msimbazi unamwaga uchafu wa jiji karibu na daraja la Selander, na mito Kizinga na Mzinga inaingia eneo la bandari kutoka upande wa Temeke. Hivyo kumsuuza samaki kwa maji ya ufukweni mara baada ya kutia nanga ni kumrudishia uchafu aliokwisha kuepushwa. Maji ya ngama ni mabaya zaidi, kwani yana mafuta ya injini na damu ya safari zilizopita. Samaki hulazwa juu ya chaga, si kwenye maji hayo. Matenga yaliyosukwa ni vigumu kuoshwa hadi ndani, na kreti za plastiki ni bora.

Samaki aina ya bunju, ambaye jina lake ni sawa na la kata ya Bunju huko Kinondoni, hatakiwi kuchanganywa na wengine wala kuuzwa. Anaweza kuwa na sumu ya tetrodotoksini, nayo pia haiharibiwi kwa kupika.

Sheria

Msingi wa sheria Tanzania Bara ni Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Zilitungwa baada ya miaka migumu. Mwezi Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 samaki wa Ziwa Viktoria walizuiwa tena kwa sababu ya sumu zilizotumika kuvulia. Viwanda vya sangara vya Mwanza vilipata hasara kubwa, na ukaguzi ukaimarishwa.

Kanuni ya Ulaya Na. 853 ya mwaka 2004 inadai vyombo vinavyokusudiwa kuhifadhi samaki wabichi zaidi ya saa 24 viwe na mahali pa kuwaweka katika joto linalokaribia la barafu inayoyeyuka. Chombo kisichoweza kupoza kinatakiwa kuwateremsha mapema iwezekanavyo. Mashua nyingi za Dar es Salaam ziko katika kundi hili la pili.

Samaki wa kuuzwa nje hupimwa maabara. Yule wa mnadani hukaguliwa zaidi kwa macho, pua na kidole, njia inayotosha kumjua aliyeoza, na mara nyingi aliyevuliwa kwa baruti, kwa mifupa iliyovunjika na damu iliyovia. Histamini haionekani kwa njia hiyo.

Gharama

Barafu hununuliwa kabla ya kujua kama bahari itatoa kitu. Gharama yake huondolewa pamoja na mafuta kabla ya mgawo wa nahodha, mabaharia na mwenye chombo, na safari ikitoka patupu huwa imeyeyuka bure. Kwa upande mwingine wanunuzi wengi wa mjini humwita samaki aliyepozwa "samaki wa barafu" wakimaanisha wa zamani, na humpendelea aliye mkavu juu ya meza akidhaniwa ametoka baharini asubuhi ileile. Mvuvi aliyetumia fedha kumpoza jodari wake anaweza kupewa bei ileile na yule ambaye hakumpoza, au pungufu.