Hewa ya Nyumbani

Baba wa jamaa akitia nia ya kujenga, huhesabu matofali, mifuko ya saruji, mabati, misumari na ujira wa fundi. Hewa haihesabu, maana haiuzwi sokoni. Lakini watu wa nyumba hiyo watakula mara mbili kwa siku, na hewa wataivuta usiku na mchana. Nao watoto wadogo na wagonjwa, wasiotoka nje sana, wataivuta kupita wengine. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, twataka kusema leo juu ya hewa ya nyumbani, na hasa juu ya babula.

Nyumba za wazee wetu zilikuwa na paa la majani. Moto uliwaka katikati, moshi ukapanda polepole na kupenya majani, ukifukuza wadudu na kukausha mahindi yaliyotundikwa. Tusiisifu nyumba ile kupita kiasi: macho ya akina mama yaliungua humo, na vifua vyao viliumia. Lakini ilipumua. Nyumba ya leo yenye kuta za matofali, sakafu ya saruji, mabati na vioo haipumui tusipoifungulia. Huko Goma watu wengi wamejijengea nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano, na upepo huingia kati ya ubao na ubao. Basi huziba nyufa kwa makaratasi na plastiki wapate joto. Twawaelewa. Usiku wa Kivu una baridi, na mvua ikinyesha jioni, nani apendaye kupika uani? Mama huinua babula na kuiingiza ndani. Chakula kimekwisha kuiva, makala yangali mekundu, naye huona ni hasara kuyazima, kwa kuwa yalinunuliwa kwa fedha nyingi. Huyaacha yawapashe watoto joto mpaka walale. Kisha mlango hufungwa.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Moshi wa kuni una adabu yake: huwasha macho, hukohoza, humtoa mtu nje hata asipotaka. Makala yakisha kushika moto vizuri hayana moshi, na kwa sababu hiyo twayaamini. Lakini makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushikamana na hemoglobini, yaani kile kitu chekundu cha damu kinachochukua oksijeni na kuipeleka mwilini mwote. Nayo hushikamana kwa nguvu kuipita oksijeni yenyewe mara 200 na zaidi. Basi damu yazunguka, moyo wapiga, lakini mwili wakosa pumzi. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, na miguu hulegea. Aliye macho aweza kutambua na kutoka. Aliyelala hatambui kitu. Tena mama mwenye mimba hayuko peke yake katika hatari hiyo, maana gesi hupita mpaka kwa mtoto aliye tumboni.

Jamaa nzima isipoamka asubuhi, kuna watu wanaoanza kutafuta mchawi, au sumu iliyotiwa katika chakula. Jirani asiye na kosa hutazamwa kwa jicho baya, pengine hufukuzwa kijijini. Na babula yenye majivu ingali pale pembeni mwa chumba, wala hakuna aliyeiuliza.

Moshi nao usidharauliwe. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba hewa chafu ya nyumbani, itokayo hasa katika kupika kwa kuni, makala na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 hawakuwa wametimiza miaka 5. Hao hawafi kwa usiku mmoja. Watoto hufa kwa nimonia. Wakubwa kwa magonjwa ya moyo na ya mapafu yaliyoanza miaka mingi nyuma, mbele ya mafiga.

Tuwaambie akina baba neno lisilopendeza. Twaona nyumba nyingi zenye sebule nzuri, vioo vipana, viti laini na mapazia, na nyuma yake jiko la kibanda chenye giza, lisilo na dirisha hata moja. Fedha ziliisha kabla ya kufika jikoni. Lakini sebuleni wageni hukaa saa moja tu. Jikoni mama hukaa saa nyingi kila siku, na mtoto yuko mgongoni.

Mtaalamu mmoja wa mji wa München, Ujerumani, jina lake Max von Pettenkofer, aliandika katika mwaka 1858 juu ya hewa ya nyumba za watu. Alifundisha kwamba penye rundo la samadi chumbani, haifai kuhangaika na kupitisha hewa. Samadi na iondolewe kwanza. Ndivyo na babula. Jiko lijengwe mbali kidogo na vyumba vya kulala, lipate paa la kuzuia mvua, na kuta zake zisifike juu kabisa, ili moshi upate njia. Babula mpya zinazokula makala machache ni jambo jema kwa mfuko wa mama, lakini zisitudanganye: makala machache nayo yana gesi ile ile, na mahali pake ni nje.

Kisha yafuata madirisha. Yawe mawili yanayoelekeana, na juu ya ukuta yaachwe matundu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Katika mwaka 2007 waganga walitoa habari za vipimo vyao katika hospitali 8 za mji wa Lima, nchini Peru. Vyumba vya zamani vyenye dari ya juu na madirisha makubwa, yakifunguliwa, vilibadili hewa upesi kuliko vyumba vipya vyenye mashine za kupitisha hewa, na hatari ya kuambukizana kifua kikuu ilikadiriwa kuwa ndogo humo. Mtatuambia: na mbu? Na wezi? Wavu madirishani na chandarua kitandani kwa mbu. Nondo kwa wezi. Na kwa baridi, blanketi la pili.

Watu wa Goma watatukumbusha mazuku. Hiyo ni gesi nyingine, dioksidi ya kaboni, itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hulala mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Dawa yake ya kwanza si dirisha, bali kutojenga shimoni.

Ukikuta watu wamelala chumbani penye babula na hawaamki, usiinamie kuwatikisa. Fungua mlango na madirisha, ita majirani, watoeni nje kwenye hewa safi, kisha wapelekeni hospitali wapewe oksijeni, hata yule aliyekwisha kuamka na kusema kwamba ni kichwa tu kinachomwuma.