Unene wa kupindukia: Upasuaji husaidia, ila si njia ya mkato

KWA miaka mingi, kitambi kimechukuliwa na Wakenya wengi kuwa ishara ya ukwasi. Naye mwanamke anayenenepa baada ya kuolewa husifiwa kwamba anatunzwa vyema. Mtazamo huo umewagharimu wengi afya, na wengine uhai.

Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2008-09 ulionyesha kuwa asilimia 25 ya wanawake wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 nchini walikuwa na uzani uliozidi kiwango kifaacho. Kufikia 2014, kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi asilimia 33. Uchunguzi mwingine wa serikali, uliofanywa 2015, ulibainisha kwamba tatizo hilo liliwakumba asilimia 38.5 ya wanawake wazima ikilinganishwa na asilimia 17.5 ya wanaume.

Ili kujua iwapo mtu ni mnene kupita kiasi, wataalamu hugawanya uzani wake kwa kilo na kimo chake kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa mfano, mtu wa kimo cha mita 1.6 mwenye kilo 80 hupata takriban 31. Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu 25 kwenda juu kuwa uzani uliozidi, na 30 kwenda juu kuwa unene wa kupindukia.

Hali hii huandamana na maradhi mengi. Mafuta yanayorundikana tumboni huuzuia mwili kuitumia insulini ipasavyo, na hapo ndipo kisukari cha aina ya pili huanzia. Aidha, mnene huwa katika hatari ya kupatwa na shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kiharusi na saratani za aina kadhaa, zikiwemo za utumbo mpana, mfuko wa uzazi, na matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Isitoshe, magoti huchakaa kwa kubeba mzigo mzito, na baadhi ya watu hukatika pumzi mara kwa mara wakiwa usingizini.

Matibabu huanza kwa kubadilisha mlo na kufanya mazoezi. Kupunguza soda, chipsi na vyakula vingine vya kukaangwa, na kutembea kwa miguu badala ya kuabiri bodaboda kwa kila safari fupi, huwafaa wengi. Pia kuna dawa zinazopunguza hamu ya chakula, ambazo sharti ziagizwe na daktari.

Mbinu hizo zinapokosa kufua dafu, upasuaji huweza kufikiriwa. Mwongozo uliotolewa 2022 na vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huo unaupendekeza kwa wenye kipimo cha 35 kwenda juu. Wenye kipimo cha kati ya 30 na 35 pia wanaweza kufikiriwa endapo wanaugua maradhi kama kisukari.

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, daktari hukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula, na kuacha sehemu nyembamba mfano wa ndizi. Sehemu iliyoondolewa hairudishwi kamwe. Katika aina ya pili, tumbo hugawanywa na kubakishwa kifuko kidogo, ambacho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya kawaida. Mgonjwa hushiba upesi, na homoni zinazochochea njaa hupungua.

Manufaa yake yamethibitishwa. Utafiti ulioanza nchini Uswidi 1987 na kuwahusisha zaidi ya watu 4,000 ulionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa 2007, kwamba waliopasuliwa walikabiliwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida.

Hata hivyo, kisu kina hatari zake. Damu inaweza kuvuja au kuganda, na mshono unaweza kufumuka na kumwaga uchafu ndani ya mwili. Kwa kuwa chakula huwa kidogo, mgonjwa hulazimika kutumia vitamini na madini maisha yake yote, la sivyo atapungukiwa na damu na mifupa yake kudhoofika. Wanawake hushauriwa kutoshika mimba kwa mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji. Anayerejelea ulaji wa zamani naye huweza kunenepa tena.

Ni muhimu pia kutofautisha upasuaji huu na ule wa kufyonza mafuta chini ya ngozi. Huo ni wa urembo na hautibu unene wala kisukari. Mnamo Oktoba 2024, Baraza la Madaktari nchini (KMPDC) liliagiza kufungwa kwa kliniki moja jijini Nairobi kufuatia kifo cha mwanamke aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa aina hiyo.

Kwa hivyo, anayenuia kupasuliwa anapaswa kwanza kuhakikisha kuwa hospitali na daktari wamesajiliwa, kuuliza ni nani atakayemhudumia mambo yakienda mrama, na kufahamu gharama ya ukaguzi wa miaka itakayofuata. Kwa ambaye bado hajafika hapo, kinga ingali bora kuliko tiba.